Mtoto wa Shule na Mtoto wa Mifugo

Ripoti na vitabu vingi vya kigeni huanza habari za Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa kudai kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kujua kwamba lugha yake haina neno hilo. Hata hivyo dai limesafiri kwa miongo mitatu, kutoka chapisho moja hadi jingine, bila wenye lugha kuulizwa, wala wenye mahali. Limedumu kwa sababu linamwambia mgeni jambo aliloliamini kabla hajafika: kwamba huko anakokwenda hakuna kitu.

Lodwar, mji mwingine wa Turkana, nayo ilipewa sifa kama hiyo. Serikali ya kikoloni ilimfunga Jomo Kenyatta huko Lokitaung, kisha mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar, akaishi chini ya ulinzi hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Kwa watawala wale Turkana ilikuwa ukingo wa dunia, yenye joto, mchanga na umbali wa kutosha kumzima mtu asisikike. Waturkana hawakujiona wako ukingoni. Walikuwa katikati ya nchi yao, kandokando ya Turkwel, Kerio na Tarach, wakijua ni familia ipi yenye haki juu ya mti upi wa ewoi ukingoni mwa mto, na wapi pa kuchimba katika laga lililokauka ili maji yapatikane.

Dhana ya mahali patupu huzaa dhana ya mtoto mtupu. Msafiri akimwona mvulana wa miaka minane akichunga mbuzi kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, husema kwanza kwamba mtoto huyu hasomi. Hilo ni kweli. Kisha huongeza moyoni, bila kulitamka, kwamba mtoto huyu hajui kitu. Elimu ya vijijini Turkana imekwama kati ya kauli hizo mbili. Swali lake ni la kifalsafa kabla halijawa la bajeti: mtoto ni wa nani, na nani ana haki ya kuamua ajifunze nini, wapi, na saa ngapi?

Watoto wa kwanza wa kambi ya Kakuma walikuja na jibu lao. Walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliokimbia vita mwishoni mwa miaka ya 1980, wakatembea hadi Ethiopia. Mwaka 1991, utawala wa Mengistu Haile Mariam ulipoanguka, walifukuzwa tena. Wakavuka mto Gilo, ambako wengi walikufa kwa maji na kwa risasi, na mwaka 1992 wakafika Kakuma kupitia Lokichoggio. Dunia iliwaita "Wavulana Waliopotea". Kabla ya kuwa na madarasa walikaa chini ya miti, na aliyekosa daftari aliandika herufi mchangani kwa kidole. Ukaenea miongoni mwao msemo kwamba elimu ni mama yangu na baba yangu.

Hawakuwa wakitia chumvi. Methali ya Kiswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida husemwa kama onyo kwa mtoto mkaidi. Kwa wavulana hawa haikuwa onyo, maana mama hakuwapo na ulimwengu ndio uliobaki. Waliuomba ulimwengu ule uwalee, na njia pekee waliyoiona ya kulelewa nao ilikuwa kitabu.

Ng'ambo ya kambi, mwendo mfupi tu kuvuka laga la Tarach, aliishi mtoto wa aina nyingine. Huyu alikuwa na mama, baba, nyanya, ndugu, na mbuzi aliowajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Kwake shule haikuja kama mzazi. Ilikuja kama mshindani wa wazazi. Ilidai akae mahali pamoja siku tano kwa wiki na mihula mitatu kwa mwaka, ilhali adakar, yaani kundi la familia zinazohama na kulisha pamoja, lilifuata mvua ambayo haikupata kusoma kalenda ya Nairobi. Akienda shule, aiache familia. Akiifuata familia, aiache shule.

Wazazi wengi wamelijibu tatizo hilo kwa hesabu ya kifugaji. Mwenye mifugo Turkana haweki mali yake yote mahali pamoja. Ngamia hupelekwa huku, mbuzi kule, na wanyama wengine huwekwa kwa rafiki wa mbali, ili ukame, maradhi au wavamizi wasimalize vyote siku moja. Watoto nao hugawanywa. Mmoja apelekwe shule, labda siku moja ataleta mshahara. Mwingine abaki na mifugo, maana mshahara huenda usije. Mtafiti Saverio Krätli, aliyechapisha mwaka 2001 uchunguzi kuhusu elimu ya wafugaji wa Turkana na Karamoja, alieleza kwamba tatizo halikuwa ujinga wa wazazi. Wazazi walikuwa wamekwisha kuipima shule, na waliona imejengwa juu ya fikra kwamba ufugaji ni maisha ya kutoroka.

Hesabu hiyo ina akili, na ina jeraha. Ndugu wawili waliolala juu ya ngozi moja huamka wakiwa na maisha mawili. Anayekwenda shule atarudi likizo asijue tena kufuata nyayo za mbuzi aliyepotea, na wenzake watamwona amepungua. Anayebaki hataweza kusoma bango la zahanati. Hakuna aliyeulizwa. Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kuangalia nani ni hodari machungani, na hodari ndiye anayebakizwa.

Kwa aliyebaki kuna jina. Waturkana wa mjini humwita raiya. Neno ni la Kiswahili, na katika Kiswahili raia ni mwananchi mwenye haki mbele ya dola. Huko Turkana limegeuka likawa jina la mtu wa malishoni, asiyesoma, asiyevaa kimjini. Hivyo basi aliyebeba jina la uraia ndiye anayefikiwa kwa shida kuliko wote na vitu vinavyoufanya uraia: shule, zahanati, cheti, kura, barabara. Neno halikupindika lenyewe. Lilifuata njia iliyochongwa na maamuzi ya watu.

Mwaka 1965 ulileta maamuzi mawili ya namna hiyo, kutoka pande mbili za dunia. Nairobi, serikali changa ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ulielekeza fedha za maendeleo zitangulie katika maeneo yatakayorudisha faida kubwa zaidi. Maeneo ya mvua na reli yalipata kipaumbele. Kaskazini kukaambiwa kungoje. Roma, tarehe 28 Oktoba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko kuhusu elimu, likisema kwamba wazazi ndio waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba jamii na dola zina wajibu wa kuwasaidia.

Nyaraka hizo mbili zilikutana Turkana. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamefika mwaka 1961, mlango ukiwa umefunguliwa na njaa. Lodwar ikafanywa prefektura ya kitume mwaka 1968, na jimbo kamili mwaka 1978. Pale serikali ilipokuwa mbali, Kanisa lilichimba visima, likajenga zahanati, likafungua shule. Haki inadai kazi hiyo itajwe kwa heshima, kwa kuwa wasomi wengi wa kwanza wa Turkana walipitia madarasa ya misheni.

Lakini njaa iliyofungua mlango iliacha alama yake juu ya kizingiti. Ukame wa 1979 hadi 1981 Waturkana waliuita Lopiar, ule uliofagia, kwa kuwa ulifagia mifugo pamoja na maradhi na uvamizi. Waliobaki bila wanyama walisogea kwenye vituo vya chakula, na watoto wao wakaingia shule. Mwaka 1980 ndipo mpango wa chakula shuleni wa serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulipoanza nchini. Mtoto alikwenda kwa sababu ya uji, na uji ulimwokoa. Hata hivyo wenye mifugo walijifunza kuiona shule kama makao ya walioishiwa. Tamko la Roma lilimtaja mzazi kama mwalimu wa kwanza, ila mzazi mwenye njaa hana sauti ya kumwambia mwalimu wa pili afanye nini.

Je, mwalimu huyo wa kwanza hufundisha nini? Mtoto wa Turkana huanza na wana-mbuzi karibu na nyumba akiwa na miaka mitano au sita. Akikua hukabidhiwa mbuzi, kisha wanyama wakubwa. Hujifunza majani yanayoongeza maziwa na yale yanayoua, hujua kusoma nyayo, wingu na ulimi wa mnyama mgonjwa, na hujua ni nani anamwia nani mnyama gani, kwa sababu madeni hayo ndiyo ujamaa wenyewe. Mtihani wake ni mkali. Akikosea, mnyama hufa.

Nchi hiyo hiyo imewahi kuuonyesha ulimwengu thamani ya jicho lililofunzwa hivyo. Mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilicholala kati ya kokoto za rangi ile ile. Kilikuwa mwanzo wa kiunzi maarufu cha Mvulana wa Turkana, mtoto aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu alikuwa mtu wa Ukambani aliyechunga mbuzi utotoni na kuacha masomo katika shule ya msingi. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wataalamu wenye shahada walipita juu ya kokoto kama zile. Yeye alisimama.

Mfano wa Kimeu usitumiwe kumpamba mtoto asiyesoma ili aachwe alivyo. Kimeu alihitaji wenye maabara na majarida ili alichokiona kijulikane, na kwa miaka mingi majina yao yalitangulia lake. Mfugaji wa leo naye anahitaji maandishi kwa haja ya kila siku: kipimo cha dawa ya mifugo kimeandikwa kwenye chupa, pesa zimo kwenye simu, na ardhi iko kwenye hati. Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012, kusini mwa Lodwar, makampuni, kaunti na serikali kuu zilijadiliana kwa karatasi. Mzee aliyelijua kila bonde la malisho hayo alihitaji mtu wa kumsomea habari za nchi yake mwenyewe.

Ndugu za Waturkana huko Karamoja, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, wana kisa kinachosimulia jambo hili vizuri kuliko ripoti yoyote. Enzi za ukoloni Wakaramoja waliiona kalamu ikiandika majina, na baada ya majina kuandikwa mifugo ilichukuliwa na vijana wakapelekwa vitani. Wazee waliichukua kalamu, wakailaani na kuizika ardhini kwa tambiko. Ilikaa huko vizazi viwili. Mwaka 1995 tambiko lingine lilifanywa, na wazee wakaifukua.

Inafaa kukitazama kitendo hicho kwa makini. Wazee hawakungoja shirika liwaambie kwamba kusoma ni kuzuri. Walifikiri kwamba laana waliyoiweka wao, ni wao tu wangeweza kuiondoa. Kalamu iliyozikwa ilikuwa ya mtoza kodi. Iliyofukuliwa ilipaswa kuwa ya kwao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, ulianza mpango wa Elimu Mbadala ya Msingi kwa Karamoja, unaojulikana kwa kifupisho ABEK. Masomo yalifanyika ndani ya vijiji, alfajiri kabla mifugo haijatoka na jioni ikisharudi. Walimu walitoka katika jamii hiyo hiyo. Lugha ilikuwa Kikaramoja, inayoelewana na Kiturkana, na mada zilianza na mifugo, afya, kilimo na amani. Msichana aliruhusiwa kuja na mdogo wake mgongoni.

Kuna mifano ya mbali pia. Nchini Iran, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mohammad Bahmanbegi, mwana wa wafugaji wa Qashqai, alianzisha shule za mahema meupe zilizohama pamoja na makabila, na vijana wa makabila hayo wakafunzwa ualimu Shiraz. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na shule inayotembea karne nyingi kabla yake. Ni duksi, chuo cha Kurani. Maalim hufuatana na kambi, watoto hukaa kumzunguka usiku kando ya moto, kila mmoja na ubao wake wa mti, wakiandika aya kwa wino wa mkaa na kuzikariri. Mchana mtoto huchunga. Wazazi humlipa maalim kwa walichonacho, na kwa wafugaji walichonacho ni mifugo. Wakimbizi wa Kisomali walipofika Kakuma walikuja na duksi zao, na mtu akipita mitaa yao alfajiri huzisikia kabla hajaziona.

Duksi ina mipaka yake. Mafunzo yake ni finyu kuliko mahitaji ya mtoto wa leo, na fimbo ya maalim imeliza wengi. Pamoja na hayo inajibu swali ambalo shule nyingi za serikali hazijalijibu, la nani anayewajibika kwa nani. Maalim akizembea, anayemuuliza ni baba aliyelala hema la pili.

Ndani ya Turkana na kaunti jirani za kaskazini, shule za kuhamahama na madarasa ya awali ya chini ya mti yamejengwa juu ya wajibu wa aina hiyo. Familia hukubaliana juu ya mti na juu ya mtu. Mti huzungushiwa ua wa miiba, wanawake husomba maji na kuni za kupikia, ubao huning'inizwa tawini. Mtu huyo aghalabu ni kijana wao aliyesoma akarudi. Hana vyeti vingi, lakini anajua kwa nini mtoto fulani hakuja leo, na jana ngamia wao walinyweshwa wapi. Tangu mwaka 2013 elimu ya awali ni jukumu la kaunti, na serikali ya kaunti ya Turkana imewaajiri wengi wa walimu wa aina hiyo.

Kwa vijana wakubwa sura ni tofauti kidogo, na fikra ni ile ile. Ufukweni mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Loropio, kuna kituo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021 kwa usanifu wa Francis Kéré. Minara yake ya kupitisha hewa inafuata umbo la vichuguu vya mchwa vinavyoonekana kila mahali katika nchi hiyo. Vijana hujifunza huko kazi za kompyuta, ili wapate riziki bila kuhamia Nairobi. Kambini Kakuma na katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji wapate huduma pamoja, vijana waliomaliza sekondari hufundisha wenzao lugha na kompyuta katika vyumba vya mabati, kwa ada ndogo au bila ada.

Turkana ina picha yake ya kale ya kujifunza. Mwanamume akisimama kumwomba Akuj, Mungu, chini ya mti wa wazee, hasemi peke yake. Hutamka ombi fupi, la mvua au la amani au la uzima wa mifugo, na waliokaa huitikia kwa pamoja; hutamka jingine, nao huitikia tena. Kiongozi asiyeitikiwa hajaomba. Neno lake hupata uzito linapokubaliwa na vinywa vya wengine, na ikiwa hawakubali, ukimya wao husikika.

Kipimo hicho kinaweza kuwekwa juu ya shule. Mtaala ukitoka Nairobi au Geneva na kusomwa mbele ya watoto wasioitikia, kwa lugha wasiyoielewa, kuhusu treni ambayo hawajaiona, hapo pametamkwa tu. Imani zilizokutana Turkana hazipishani sana katika hili. Mkristo anaambiwa mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Mwislamu anaambiwa mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mwenye kufuata desturi ya wazee anajua kwamba mtoto ni wa ukoo na wa Akuj kabla hajawa wa baba. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema mtoto ni mali ya yeyote, iwe serikali, misheni, au baba mwenyewe.

Ni hapo penye ugumu, na anayezitetea shule za jamii hana ruhusa ya kuupita kando. Jamii nayo inaweza kumnyima mtoto. Mkono mmoja haulei mwana, husema Waswahili, na methali hiyo hupendwa na kila anayesifu kijiji. Mikono mingi hulea, na mikono mingi pia huzuia. Msichana wa Turkana ana thamani ya mifugo ya mahari, na baba anayehesabu mifugo hiyo si mtu mbaya. Ana wana wa kiume watakaohitaji kuoa kwa mifugo hiyo hiyo. Hata hivyo binti anakoma kusoma. Historia ya Kakuma ina somo chungu juu ya hili. Wavulana wa Sudan walipofika walikaa kwa makundi na wakaonekana. Wasichana waliofika nao waligawiwa familia za kabila lao ili walelewe, kwa nia njema na kwa desturi. Marekani ilipoanza kuwachukua vijana hao mwishoni mwa 2000, ikawapa makao zaidi ya 3,500, wasichana hawakufika hata 100. Jamii iliwapa hifadhi, na ndani ya hifadhi hiyo wakasahaulika.

Kwa sababu hiyo haki ya mtoto haiwezi kuachiwa mti wa wazee peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haisemi kila mtoto isipokuwa wa adakar. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtisha kwa faini au kifungo mzazi asiyempeleka mtoto shule, na sheria hiyo hiyo ikaunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama. Kumtoza faini baba ambaye shule ya karibu iko mwendo wa siku mbili ni dhuluma. Kulipatia baraza hilo uwezo wa kupeleka mwalimu, chaki na chakula kule aliko mtoto ni kutimiza ahadi.

Kuna hatari nyingine, nayo huja kwa sauti tamu. Shule ya jamii husifiwa kwa kuwa nafuu. Mwalimu wa kujitolea, mti wa bure, kina mama wa kusomba maji: mpangaji wa bajeti akisikia hayo hupumua. Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii yake, lakini hakukusudia kwamba dola ijitegemeze kwa maskini. Karamoja ilionyesha hasara hiyo. Watoto wengi wa ABEK walipotaka kuingia shule za kawaida walijikwaa, na wengine wakaihesabu elimu waliyopata kuwa ya daraja la pili. Mti unaostahili mwalimu aliyefunzwa ukipewa aliyepatikana tu, raiya anabaki kuwa raiya, ila sasa ana daftari.

Kinachodaiwa basi ni vitu viwili kwa pamoja, na kila upande hupenda kukumbuka kimoja. Serikali ilipe, ifunze, ikague, na itambue alichojifunza mtoto chini ya mti kama sawa na cha darasani. Jamii nayo iamue saa, mahali, lugha ya kuanzia na mtu wa kufundisha, na ikubali kwamba msichana na mchungaji hodari hawawezi kukatwa kwenye hesabu. Mgawanyo huo wa mamlaka ukifanyika, mzazi halazimiki tena kugawa watoto. Anayechunga asubuhi husoma jioni, na anayesoma bado anajua jina la fahali wa babake.

Mahali ambapo mambo haya hupimwa ni meza ya usajili. Mtoto aliyesoma miaka mitatu au minne chini ya mti hana budi kuandikishwa katika shule inayotambuliwa ili afanye mtihani wa taifa, na mfumo wa kompyuta wa wizara hudai cheti cha kuzaliwa. Baba huulizwa mtoto alizaliwa lini. Waturkana hawakuzoea kuhesabu miaka kwa tarakimu. Kila mwaka una jina lake, la mvua, la uvamizi, la ukame. Baba hujibu kwamba alizaliwa baada ya ng'ombe kufa na kabla ya mvua kurudi, mwaka ule ambao Wakenya walichangiana pesa kwa simu ili watu wa kaskazini wasife njaa. Karani hushika kalamu asijue aandike nini.

Mwalimu wa chini ya mti, aliyekuja naye, huinama na kuuliza kwa Kiturkana: je, mbuzi walikuwa wameanza kuzaa? Walikuwa wameanza. Na adakar lilikuwa wapi, lilikuwa limekwisha kuvuka Tarach? Bado. Huhesabu kwa vidole, hurudi nyuma mvua kwa mvua, kisha humgeukia karani na kusema kwa Kiswahili: andika 2011, mwezi wa tisa.